Mwongozo kamili: jinsi ya kupata wazo la wimbo kabla hujalipia studio

Kila wiki napata meseji ileile, kilichobadilika ni jina tu. "Broo nina biti kali sana ila mistari haiji." Mwanzoni nilikuwa najibu kirahisi, nawaambia andika maisha yako, basi. Wakaenda, baada ya siku mbili tatu wakarudi na nyimbo ambazo ukizichanganya huwezi kujua ipi ya nani, zote baby nakupenda, bila wewe siwezi, usiku silali. Kosa lilikuwa langu, maana "andika maisha yako" sio maelekezo, ni sawa na kumwambia mtu anayejifunza pilau "weka viungo" halafu unaondoka.

Kwahiyo leo tunaenda hatua kwa hatua. Nimekaa kwenye mabenchi ya studio za uswahilini Temeke miaka ya kutosha, nimeona dogo kalipia masaa mawili, saa moja na nusu yote anasema "yeah, yeah, uuh" huku anaangalia dari. Prodyuza kakaa kimya anachati, hela inakatika. Mistari haipo kwenye dari.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Daftari dogo la kuingia mfukoni. Sio kaunta buku, kaunta buku utaiacha nyumbani siku ya pili.
- Kalamu mbili. Moja itaazimwa na haitarudi.
- Simu yenye rekoda. WhatsApp inatosha, jitumie voice note mwenyewe.
- Nauli ya wiki moja, au miguu yako.
- Kanga mbili tatu za nyumbani. Usicheke, nitaeleza.
- Mtu mmoja ambaye hafanyi muziki na hakuogopi. Huyu tutamhitaji mwishoni.

Usichotakiwa kuwa nacho kwa sasa ni biti. Muda wote ni siku kama kumi hivi, saba za kusikiliza na tatu za kuandika.

## Hatua ya 1: Zima biti

Najua hapa nimekuudhi. Lakini biti inakuja na mood yake, urefu wake, na mara nyingi inafanana na wimbo uliotoka juzi ukahit, kwahiyo ukiiwasha kabla hujawa na neno, mdomo wako unaanza kurudia maneno ya yule mwenye hit bila wewe kujua. Unadhani umeandika kumbe umekumbuka.

Zima kwa siku saba. Na earphone toa masikioni ukiwa njiani, maana kazi ya wiki hii inafanywa na masikio.

Utajua umefaulu siku ya pili au ya tatu, utaanza kusikia kelele ambazo zilikuwepo siku zote, konda anavyokokota jina la kituo, yule muuza ubuyu anavyoita kwa sauti mbili. Usipozisikia bado una wimbo wa mtu kichwani, ongeza siku.

## Hatua ya 2: Toka ukasikilize (hapa ndo penye kazi)

Lengo ni mistari 20 kwa siku saba. Mistari ya watu, sio yako. Unaandika maneno kama yalivyotamkwa, usiyapambe, usiyasahihishe. Mtu akisema "alinifanyia kitu mbaya" usiandike "alinitendea ubaya", umeshaua.

Sehemu ninazozipenda mimi ni hizi.

Daladala. Sababu ni moja tu, unasikia simu nusu. Unamsikia huyu wa kwako, wa upande wa pili humsikii, na hiyo nusu usiyoisikia inabidi uitunge mwenyewe. Akili yako inaanza kufanya kazi ya mtunzi bila kuilazimisha. Kaa viti vya nyuma, au simama karibu na mlango kama una mbavu za kubanwa.

Nikupe mfano ambao tutatembea nao mpaka mwisho. Siku moja nilikuwa kwenye gari la Tandika, jioni, foleni haisogei. Mama mmoja kapakata ndoo tupu, simu kaibana na bega, anaongea kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka kuomba. Akasema, "We tuma tu, ila tuma na ya kutolea. Usinitumie picha." Akakata. Halafu akacheka peke yake, kacheko kafupi.

Hilo nililiandika palepale na mkono unatetemeka kwa mashimo ya barabara. "Tuma na ya kutolea", yaani ongeza na ada ya kutoa hela kwa wakala, tunaisema wote kila siku, lakini hiyo "usinitumie picha" ilinimaliza. Hela isiyo na ya kutolea ni picha, unaiona kwenye simu ila huwezi kununulia unga. Ungekaa na biti mwezi mzima usingeipata.

Saluni ya kusukia. Kinyozi ni haraka mno, dakika kumi umetoka, stori inaishia kati. Kusuka ni masaa, kwahiyo kisa kinaanza, kinakolea, kinafika mwisho na hukumu inatolewa na watu watano. Kama we ni mwanaume omba kusubiri dada yako au kaa kwa fundi cherehani wa jirani, pazia tu linawatenganisha.

Msibani. Hapa nenda kama mfiwa au jirani, sio kama mwandishi. Watu wakimkumbuka marehemu hawasemi alikuwa mwema, hiyo inasemwa kwenye kipaza sauti. Kule nyuma kwenye majiko wanasema alikuwa hali ukoko, au alikuwa akiazima sufuria anairudisha na kitu ndani. Jifunze hapo. Ila simu usitoe wala daftari usifungue, utaandika ukifika nyumbani.

Kanga. Sasa zile kanga. Chukua doti moja usome jina lake, yale maandishi ya chini. "Japo sipati tamaa sikati." Maneno manne. Mtunzi wa jina la kanga ana nafasi ya mstari mmoja tu, na inabidi usomeke mwenye kanga akiwa anapita. Halafu angalia jambo lingine, kanga haisemi na dunia nzima, ina mtu wake. Anayevaa anajua amemvalia nani, na anayesoma anajua kama yeye ndo mlengwa au la. Taarabu ya mipasho inaishi hapohapo, ukumbini mwanamke anainuka kwenda kutunza mwimbaji mstari ukifika kwa mbaya wake, na ukumbi mzima unageuka kumtafuta huyo mbaya. Nyimbo nyingi ninazoletewa zinakosa kitu hicho, mtu wa kupokea.

Soma kanga kumi. Andika zile tatu tu zilizokuchoma.

*Tahadhari, na hii nimeilipia.* Miaka ya nyuma nilichukua ugomvi wa majirani, mke na mume, nikautia kwenye wimbo neno kwa neno, mpaka rangi ya kapeti lililotupwa nje. Demo ikazunguka kwenye simu za mtaani, mwenye kapeti akaisikia. Hakunipiga, alinisalimia tu kila asubuhi kwa jina la wimbo mpaka nikahama. Chukua neno, chukua uchungu, lakini badilisha jina, kazi, mtaa na kapeti. Na usimrekodi mtu kwa siri, sikia kisha andika, inatosha.

Na andika kwenye karatasi hata kama una voice note. Nilishawahi kuibiwa simu Kariakoo ikiwa na melodi sijui ngapi, simu nilinunua nyingine, melodi sikuziona tena mpaka leo.

Umefaulu ukiwa na mistari 20 na ukiisoma unasikia sauti tofauti tofauti, mzee, mtoto, mama ntilie, konda. Ukiona yote inasikika kama wewe, ulikuwa unatunga badala ya kusikiliza, rudi barabarani.

## Hatua ya 3: Chuja

Hii fupi. Funga daftari, lala, asubuhi kabla hujalifungua jaribu kukumbuka mistari mingapi imo kichwani. Itabaki mitatu minne. Hiyo ndo ya kwako, iliyobaki ilikuwa inapendeza tu. Kama wewe mwenyewe uliyeiandika umeisahau kwa usiku mmoja, msikilizaji wa kwenye bodaboda atakumbuka vipi?

Chagua mmoja. Usichague miwili. Wengi mnaogopa kupoteza mnaweka misemo sita kwenye wimbo mmoja, unakuwa kama matangazo ya mnada.

## Hatua ya 4: Keti kwenye kiti kimoja

Sasa una mstari, huna wimbo bado. Jibu maswali manne, kwa maandishi, usijibu kichwani maana kichwani kila kitu kinaonekana kimekaa sawa.

Nani anasema? Anamwambia nani? Ni saa ngapi na wako wapi? Anataka nini?

Kwa mstari wetu, "tuma na ya kutolea", ningeweza kumuacha yule mama kama alivyo, anamwambia mwanae aliyeko mjini. Wimbo mzuri huo, ila nyimbo za mama zimeshakuwa nyingi na nisingeongeza kitu. Nikamgeuza. Anayesema ni binti, anamwambia mpenzi wake anayependa kutuma meseji tamu tamu ila haji. Penzi limetumwa, limeingia, linaonekana, ila halitoki, kama ile hela. Saa 3 usiku, mbele ya kibanda cha wakala anayejiandaa kufunga. Anataka nini? Anataka jamaa aje mwenyewe.

Ona kilichotokea, neno lilelile la hela limekuwa la mapenzi, na sikulilazimisha. Wengi hapa wanakosea wanaruka moja kwa moja kwenye "ujumbe". Wanataka wimbo ufundishe jamii. Achana na jamii kwanza, mweke huyu binti mbele ya kibanda.

Umefaulu kama unaweza kusema kisa chote kwa pumzi moja bila neno "maisha" wala "dunia".

## Hatua ya 5: Teremsha neno kubwa mpaka lishikike

Maneno makubwa ni kama upendo, umaskini, usaliti, upweke. Hayana sura. Msikilizaji akisikia "nateseka na umaskini" anaitikia "pole" halafu anaendelea kula chips. Kazi yako ni kulishusha neno mpaka liwe kitu cha kushika kwa mkono.

Umaskini: mtungi wa gesi mtupu, umefunikwa kitambaa, umekuwa stuli ya wageni.

Usaliti: namba ya mtu imeseviwa "Fundi Bomba" na bomba halijawahi kuharibika.

Kupuuzwa, kwenye wimbo wetu: wakala anateremsha geti nusu, watu wa nyuma kwenye foleni wanaguna, binti bado anaangalia kioo cha simu.

Fanya hivi, chora mstari katikati ya ukurasa, kushoto andika maneno makubwa yanayohusu kisa chako, kulia andika vitu ulivyoviona kwa macho yako wiki hii. Vya kuona, sio vya kufikiria. Halafu chagua vitatu kwa vesi moja, visizidi. Ukijaza vitu kumi inakuwa orodha ya vyombo vya kuhama nyumba.

## Hatua ya 6: Tafuta melodi ukiwa unatembea

Mpaka hapa hujawasha biti bado, vizuri. Chukua ule mstari wako, tembea, uuseme kwa kurudia kama unamwambia mtu kweli, kwa hasira, kwa huruma, kwa utani. Hatua zako zinakupa mdundo na mdomo utaanza kupanda na kushuka wenyewe. Ukisikia imekaa, simama, jirekodi, hata kama watu wanakuangalia.

Maneno yasipokuja imba upuuzi. Paul McCartney wa Beatles aliamka na melodi kichwani, hana maneno, akaiwekea maneno ya mayai ya kuvuruga kuishikilia tu, na wimbo ule ukaja kuwa moja ya nyimbo zilizorudiwa na watu wengi zaidi duniani. Kwahiyo na wewe ukiimba "chapati maharage" wiki nzima hakuna aibu.

Sasa kuna mtego ambao naona hata wakubwa wanaingia. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu maneno yote. Melodi ikikaza silabi nyingine neno linavunjika. Chukua "barabara", ukikaza ile ba ya pili ni njia ya magari, ukikaza ra ya kwanza ni "sawasawa kabisa". Sasa umeimba unamsubiri mpenzi barabarani, melodi imekaza pasipo pake, mtu anasikia kitu kama Kiswahili cha mgeni. Sema mstari kwa mdomo wa kawaida kwanza, sikia unakaza wapi, melodi ipande hapohapo.

Na melodi ikikujia haraka sana, nzima nzima, ndani ya dakika moja, ishuku. Waimbie watu watatu uwaulize inafanana na nini. Mara nyingi ni ya mtu.

## Hatua ya 7: Andika, kiitikio kwanza

Weka saa dakika 25. Kiitikio kwanza, kwa sababu ndo sehemu itakayokaa mdomoni mwa watu, vesi zinakuja kukieleza tu. Ruhusa kuandika vibaya.

Mimi nikikwama naenda kwenye mizani ya washairi, nane kwa nane, yaani silabi nane kila nusu ya mstari. Sio lazima, bongo fleva haikudai hivyo, lakini inanyoosha mstari uliopinda. Hesabu kila silabi, na ile m ya "mtu" au "mpenzi" inahesabiwa peke yake. Hiki ndicho nilichopata:

*Umenitumia penzi, halina ya kutolea*
*Nalitazama mpenzi, limebaki kuelea*

Hesabu mwenyewe, nane nane. Vina vya kati nzi, vya mwisho lea. Mstari wa pili siupendi sana kusema ukweli, "kuelea" imekuja kwa sababu ya kina, penzi linaelea wapi kwenye simu? Nimeuacha makusudi uone. Kiswahili kina vina bwerere, vitenzi vinaishia a, ana, isha, eka, ukinyoosha mkono tu kina hicho hapo, na ndo maana kinakupeleka kusema uongo. Unaanza na binti kwa wakala unajikuta baharini. Ukiona kina kimekupa neno ambalo mtu wako asingelitamka, kitupe hata kama kimekaa vizuri. Bora kina kibovu kuliko mtu wa uongo.

Vesi ya kwanza tuonyeshe tupo wapi (geti, foleni, kioo cha simu). Vesi ya pili kitu kibadilike, lazima. Ikisema yaleyale kwa maneno mengine, msikilizaji anaruka. Kwenye huu wetu, vesi ya pili wakala mwenyewe anamwonea huruma, anamwambia dada chukua tu hii buku ya nauli utarudisha kesho. Mtu asiyempenda ndo kampa kitu cha kushika. Hilo sikulipanga, lilitokea nikiandika.

Sasa, ndo unaweza kuwasha biti. Na usiulazimishe wimbo uifuate, ukiona haziendi tafuta biti nyingine, biti ziko nyingi kuliko mistari.

## Ukikwama kabisa

Soma au sikiliza kesi. Siti binti Saad, yule wa Unguja aliyepelekwa Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, aliimba kisa cha mauaji ambacho mji mzima ulikuwa unakiongelea, Kijiti aliyeua mwanamke mgeni kutoka Dar na kutoroka. Habari ilikuwepo kwa kila mtu, yeye akaipa sauti. Kwahiyo kama mtaa wako una jambo ambalo watu wanalinong'ona, wazo unalo, unaogopa tu. Na kuogopa sio vibaya, rudi kwenye tahadhari ya kapeti.

Njia nyingine, jibane. Andika wimbo usio na neno "moyo". Au wimbo ambao wote unatokea ndani ya bajaji. Ukifungiwa milango utatafuta dirisha.

Bangi na pombe sitaki kuzisema sana, ila nimesoma daftari za walioandikia huko, asubuhi hata wenyewe hawaelewi mwandiko.

## Hatua ya 8: Upeleke kwa yule mtu

Yule asiyefanya muziki na asiyekuogopa. Kwangu ni dada mmoja muuza mihogo. Mwimbie bila biti, mara moja tu, usimweleze kitu kabla. Ukimaliza usiulize "umeonaje", atakwambia nzuri aendelee na mihogo yake. Muulize, "hii stori inahusu nini?"

Akikusimulia kisa tofauti na chako, rudi hatua ya nne, kiti hakijakaa. Akikusimulia kisa sawa ila anatafuta maneno, rudi ya tano, vitu havionekani. Akirudia kiitikio kikiwa kimekosewa kidogo, sikiliza alivyokosea, mara nyingi kakirekebisha, na wewe kichukue hivyohivyo. Ukishamaliza kupokea hayo, kabla hujawatumia washkaji kwenye magrupu, sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Yule dada nilipomwimbia wa ya kutolea hakusema nzuri wala mbaya. Aligeuza muhogo, akauliza, "Sasa ile buku ya wakala alirudisha?" Hapo ndo nikaenda kulipia studio.